Kengele ya Sista Redenta

Judy uko wapi?? Leo nimeaibika, wacha tu.

Si nilienda na mama mkwe kwa jubilei ya shule yetu ya masista? Unamjua, yule hunicheka kila siku eti sisi tulilelewa na kengele. Yeye anasema alisoma madrasa tu.

Sasa pilau ikaletwa, nyama ya mbuzi juu. Sista Redenta, mzee siku hizi lakini bado mkali, akapiga ile kengele ya chakula.

Judy, NIKASIMAMA. Na buibui yangu! Macho nimefunga, "Utubariki ee Bwana" kwa sauti, vile tulizoea. Meza yetu yote ya Waislamu imekaa, ni mimi tu nimesimama!

Nikafungua macho nikijua leo narudishwa kwetu. Mama mkwe anatafuna tu, polepole.

Akameza. Akaniambia, "Naimo, masista walikuharibu. Sisi wakati wetu kengele ikilia, hakuna mtu alikuwa anafunga macho."

Sisi?? Sisi nani?? Si alisema ni madrasa tu?

Nikaangalia sahani yangu. Wali tu. Nyama yote iko kwa sahani yake.