Radhi Kabla ya Mwezi Kuandama

Garissa,
siku za mwisho za Shaabani

Kwa mume wangu, Baba Athumani,

Assalaam alaykum. Nakusalimu kwa salamu ya dini, kisha nakusalimu tena kwa salamu ya mke aliyekukumbuka, ijapokuwa siku niliyoondoka uliniaga kwa kukohoa tu, ukaingia karakanani ukajifanya unatafuta randa. Mgongo je? Bado unalala sakafuni? Acha hiyo tabia. Dawa ya kuchua iko juu ya kabati, si ndani ya kabati, na najua umeshaitafuta ndani ukaapiza. Mimi ni mzima. Watoto wako wote wawili ni wazima. Nasema wote wawili, na nitazidi kusema wote wawili mpaka masikio yako yazoee.

Safari usiniulize. Kutoka Malindi mpaka Garsen nilikuwa mwanamke wa heshima; kutoka Garsen kupanda juu nikawa gunia. Malori yanakwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa hofu ya shifta wanaovizia njiani na bunduki. Vuli ya mwaka huu imeshuka haswa, na lori moja likizama kwenye tope basi msafara wote unasimama, sote chini, wanaume wanasukuma, sisi wanawake tunaambiwa tukae karibu na askari na tusiende msituni hata kwa haja. Tena haja yenyewe ndiyo inayokuja sana mtu akiogopa. Jirani yangu garini alikuwa mfanyabiashara wa Kikamba. Yeye akisali kwa dini yake, mimi kwa yangu, na dereva akitutukana sote wawili eti tunampigia kelele.

Nilidhani nitakuta jangwa. Nimekuta matope na vyura. Tana umejaa, maji mekundu, unabeba miti mizima mizima. Mji wenyewe mdogo, na vita vimezidi kuufanya mdogo. Jua halijazama watu washajifungia ndani kwa ajili ya kafyu. Kila njia panda kuna askari na kila askari anataka cheti. Lakini wenyeji wanaishi, Baba Athumani. Wanauza sukari, wanachota maji kwa punda, wanaoa. Sijui nilitaraji waishije.

Nilifikia kwa Athumani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali. Mwanao amekonda! Karani mzima wa stoo, suruali anaikaza kwa mkanda utadhani anafunga mzigo wa kuni. Nilipokwisha kumlaumu juu ya chakula nikamuuliza, "Dada yako hajambo?"

Akatazama chini. "Nasikia hajambo."

"Unasikia? Kwake si kule sokoni, mtu akipiga chafya huku anaitikiwa?"

"Baba alisema nisimtambue, mama."

Kumbe wamekaa mji mmoja muda wote huo, mtu na dada yake tumbo moja, wakionana sokoni mmoja anahamia ng'ambo ya njia. Nilikukasirikia, nakuambia kweupe. Nilikaa kitandani mwa Athumani nikakukasirikia mpaka chai ikapoa.

Maana nakumbuka ulivyomwambia Mwanaisha siku ile anamfuata mumewe huku. Mbele ya majirani ulisema: "Ukipanda lori hilo kwenda vitani, radhi yangu usiitaraji." Mimi nilijua ni hofu inayosema. Ulimuozesha Abdi mwenyewe, kwa mkono wako, na hukumkataa kwa Usomali wake. Ulikuwa unaogopa risasi tu. Lakini wewe neno likishakutoka hulirudii hata likikukaba. Kisha mwaka huu, mimba ilipoingia, ukanituma: mlete azalie kwao, mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, aje peke yake, na akikataa jina lake lisitajwe tena nyumbani mwangu. Basi nilikuja na maneno yako kifuani, yananiwasha njia nzima.

Mwanaisha nilimkuta uani nyuma ya duka la Abdi, anapepeta mchele. Tumbo liko mbele, miguu imevimba, uso mdogo. Aliponiona alinishika kiunoni kwa mikono yote miwili, ungo ukaanguka, mchele wote chini, kuku wakafanya sherehe. Nililia na sioni haya kukuambia. Abdi alitoka dukani, akanibusu mkono, akaagiza nitandikiwe godoro jipya. Mtulivu, kama ulivyomjua. Nikamweleza nilichotumwa. Akaniambia, "Mama, kama kuna pahali pasipo na bunduki, mchukue. Mimi pasi sitapewa, Msomali hapewi pasi ya pwani siku hizi, lakini yeye mchukue." Akarudi dukani kumpimia mtu majani ya chai.

Athumani akahangaika akatupatia pasi ya watu wawili. Siku ya pili nikampeleka binti hospitali apimwe kabla ya safari. Mkunga, mama mmoja wa bara mwenye mikono mizito na maneno mazito zaidi, alimpapasa tumbo akaniuliza tunasafiri na nini. Nikamwambia lori. "Lori? Njia hii? Mama, ukimpandisha huyu lori utamzalisha wewe mwenyewe kwenye matope, na askari wakushikie taa." Hapo ndipo safari ilipofia. Usimlaumu Mwanaisha. Hakukataa yeye, tumbo lilikataa.

Basi nikasema, ikiwa jungu la Shaabani silivunjii Malindi, nitalivunjia hapa hapa. Hawa wenzetu hawana desturi ya kuvunja jungu, lakini karamu nani asiyeielewa? Nikamwambia Abdi alete mamake na jamaa zake. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko nilivyojua. Mamake Abdi alikuwa akichunga kule Banissa, na siku hizi wachungaji wamekusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, kutoka mpaka upewe ruhusa. Mifugo ikifungiwa pamoja hula majani yote ya karibu, kisha inakufa. Mwaka jana alihamishiwa kijiji cha hapa karibu ili awe jirani na mwanawe. Abdi alisimama mlangoni kwa wakubwa asubuhi nzima mpaka akapata ruhusa ya mamake, mjomba wake, shangazi zake na watoto wao, watoke asubuhi warudi kabla ya alasiri. Ndiyo maana karamu ya hapa huliwa mchana kweupe, na mpishi anapika huku anatazama jua.

Sasa ngoja ucheke. Unakumbuka lile furushi la papa nililolipakia, ukaniambia linanuka? Nilimbeba papa huyo toka pwani, nimemkumbatia, Mkamba wa watu kafunika pua siku zote. Nikampika kwa nazi, na ndimu, na bizari, mchuzi mzito wa kulamba vidole. Wageni wakaingia, nikafunua chungu kwa madaha. Shangazi mmoja akatoka nje. Wa pili akamfuata. Watoto wakaziba pua wazi wazi. Kumbe wachungaji hawa samaki hawali! Kwao samaki ni kitu cha mtu aliyeishiwa na mifugo. Na mimi nimewawekea mbele ya macho, watu ambao mifugo yao ndiyo hiyo imekwisha. Ardhi ingepasuka ningeingia. Mwanaisha naye alikuwa anajua, na hakunizuia! Namuuliza kwa nini, anasema, "Mama, nilikuwa na hamu naye huyo papa." Mimba hiyo. Nikamsamehe.

Mamake Abdi ndiye aliyeniokoa. Bibi mrefu, mkavu, ana macho ya kuchekesha. Kiswahili chake p huwa b, lakini kinafika. Akawaita shangazi warudi, akakaa karibu yangu, akamega kipande kidogo cha papa akakimeza bila kutafuna, kama dawa. "Wallahi mbaya," akasema. "Lakini wewe nabika kwa moyo, abaayo." Abaayo ni dada kwao. Kisha akanimiminia maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi na kuchacha, akanitazama. Nikayanywa yote. Nikasema, "Wallahi mabaya." Watu walicheka mpaka askari wa njia panda akaja kuchungulia uani, akapewa sahani ya wali na mbuzi, akaenda zake.

Athumani je? Nilikwenda kumtoa kwake mwenyewe. Kanambia baba atasema nini. Nikamwambia baba yuko Malindi, mimi niko hapa na nina kandambili mkononi. Alisimama mlangoni mwa dada yake kama mtoza kodi. Mwanaisha akamtazama. "Kaka, umekonda."

"Na wewe umenenepa."

Wakaanza kucheka, kisha hawakucheka tena. Akaingia, akakaa, akala chungu kizima cha papa karibu peke yake, maana dada yake alidonoa tu na hamu yake yote, na wengine hawakukitaka, na mjomba wa Abdi akawa anamtazama kwa huruma. Siku njema, Baba Athumani. Kulikuwa na watoto wakimbizana, na wanawake wakimpaka Mwanaisha hina miguuni, na wanaume wakibishana juu ya mvua. Nilifurahi hata nikaona haya kufurahi mahali kama hapa. Nikawa natamani uwe umekaa pale, umenuna, unakula.

Kabla ya kuondoka mamake Abdi akaniita pembeni. Alikuwa na chombo cha mti chenye kifuniko, kimefungwa kwa ngozi. Ndani mna nyirinyiri, nyama iliyokatwa vidogo vidogo, ikakaangwa kavu, ikazamishwa kwenye samli. Hukaa miezi haiharibiki, na kwao ndicho chakula cha mzazi siku zake arobaini. Akanambia, "Mimi nasikia wewe nakuja chukua msichana. Wewe mama yake, mimi habana kataa. Hii beba. Kule akila hii, atajua sisi nabenda yeye." Nikamuuliza ng'ombe kampata wapi. Akasema ulibaki mtamba mmoja. Nikamwambia hatuendi tena, binti atazalia hapa, na mimi nitakaa naye. Yule bibi akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniumiza, kisha jua likawa limekwenda, wakatoka mbio mbio warudi ndani ya seng'enge yao.

Tukabaki mimi na Mwanaisha tukisugua masufuria, Athumani akitumiminia maji. Hapo ndipo aliponiuliza neno alilokuwa akilizunguka tangu nilipofika: "Mama, baba alisema nini juu yangu?" Nilichomjibu nitakuandikia mwisho wa barua, maana ukikisoma sasa utaitupa kabla hujafikisha salamu za watu.

Basi nisalimie dada yako, mwambie ushanga alioagiza huku hamna, nimemtafutia udi. Msalimie mjomba wa watoto kule msikitini, na jirani yetu muuza maandazi, asikukopeshe sana, tumbo lako silo la mafuta. Mpwa wako mdogo akimaliza juzuu yake mnunulie kanzu, usingoje mimi. Mamangu mpe mkono wangu, mwambie hina ya mjukuu wake imeshika vizuri. Abdi anakusalimu, na hakuniambia nikusalimu kwa kuwa anataka kitu. Athumani anakusalimu. Mwanaisha anakusalimu.

Na mimi nakuomba radhi kwa kukaa bila idhini yako. Ramadhani itanikuta huku. Mwezi huu watu huombana radhi kabla haujaandama, na mimi nakuomba yangu kwa mkono wangu. Yangu najua utanipa, umenizoea.

Sasa hilo la mwisho. Mwanaisha haogopi risasi. Anazisikia mbali anaendelea kupepeta. Alichokuwa akiogopa ni kuingia uchungu wake wa kwanza hana radhi ya babake. Wewe unajua tulivyokuzwa: mtoto hukwama, na wakunga huanza kuuliza ni nani aliyekosewa. Alikuwa hapati usingizi, hali vizuri, uvimbe wa miguu mkunga akasema ni wa mimba, mimi nikasema na mawazo yamo. Aliniuliza sufuria ikiwa mkononi, macho yananitazama kama alivyokuwa akitazama mlango alipokuwa mdogo, wakati wewe umechelewa kurudi kutoka kazini.

Nikamwambia: "Babako amekupa radhi. Alinituma mimi nikuletee, hakutaka kuitia kwenye barua. Alisema, mwambie Mwanaisha nimemsamehe, dunia na akhera."

Athumani alinigeukia, maana anakujua. Nikamkanyaga mguu. Mwanaisha alikaa chini pale pale kwenye maji ya masizi, akafunika uso kwa kanga. Kisha akainuka, akala. Alikula wali uliobaki, akala na ukoko. Tangu siku hiyo analala, na miguu imepungua, mkunga mwenyewe kashangaa.

Basi nimesema uongo, Baba Athumani, na mwezi mtukufu uko mlangoni. Lakini si lazima ubaki uongo. Ukitamka kwa kinywa chako, hata uko peke yako, hata kwa kukohoa, basi nitakuwa nimesema kweli, nimeitangulia tu. Tamka. Mtoto hangoji.

Ni mimi mkeo,
Mama Athumani na Mwanaisha