Kampuni Uliyoiandika kwa Jina Lako

Nyuma ya soko la samaki,
Ajman, Falme za Kiarabu.
11 Februari 2017

Mpendwa mdogo wangu Alavi,

Salamu kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Leicester, wewe, mkeo Shahina na watoto. Kifua cha Ruksana kimepona? Mwambieni avae soksi, sakafu za huko si za kutembelea miguu mitupu. Sisi tuko salama. Sukari ya shemeji yako Hamsa ilipanda, sasa imetulia. Mvua imenyesha na mbele ya nyumba pamegeuka bwawa.

Nimekusalimu kwa sababu mama alitulea hivyo. Sasa nisikilize. Nimeandika kwa kuwa kwenye simu huwa unanikatiza. Nitaanzia mwanzo, ili Shahina naye asome, maana nasikia umemweleza mambo kichwa chini miguu juu.

Mimi na Hamsa tulishona sare mjini tangu wewe ukiwa bado shuleni kwetu Tirur, India. Sare za manesi, za wabeba mizigo wa hoteli, za madereva. Sheria ilitaka mwenyeji awe na sehemu kubwa ya duka, na mwenyeji wetu alikuwa Bwana Ubaid. Hakuwahi kutuuliza tumeuza nini. Alikuja Idi, akala mikate ya mchele na mchuzi wa samaki, akaenda zake. Wewe ndiye uliyekuwa ukitucheka: "Dada, mpaka lini mtakaa chini ya kanzu ya Mwarabu?"

Ukaja na habari ya eneo huru la biashara. Ukasema huko mgeni anamiliki kampuni yote, hahitaji mwenyeji, na itakuwa yetu wenyewe. Hamsa hakutaka. Mimi nilimshawishi kitandani na mezani mpaka akachoka. Tukamuaga Bwana Ubaid, tukafunga duka, tukapakia cherehani zetu kwenye lori.

Unaikumbuka siku ile ofisini kwa wakala wa kuandikisha kampuni? Ulivaa koti la sufu la huko Leicester katika joto lile. Nilikuuliza, "Na sisi tunatia sahihi wapi?" Ukacheka. "Dada, mwenye kampuni akiwa mmoja mambo yanakwenda haraka. Kwani mimi mtu baki?" Nikaona haya kwa kuuliza. Hamsa akaandikwa meneja, kibali chake cha ukaazi kikawa chini ya kampuni yako, na changu chini ya chake. Hukutuibia gizani, Alavi. Ulituibia mchana, huku nakumiminia chai.

Kazi ilipochanganya ukamleta Nizar, kaka wa mkeo. Kijana ambaye hajui upande upi wa kitambaa ni wa nje. Alikalia kiti cha Hamsa, akamwelekeza kwenye meza ya kukatia. Hamsa akaenda. Baada ya Mwaka Mpya, Nizar akamwekea karatasi mbele ya mafundi wote. Fundi wetu Lalitha alisimamisha cherehani yake akidhani ni barua ya hoteli tunayoishonea.

"Mzee, tia sahihi hapa. Kibali chako kinafutwa."

"Nani kasema?"

"Alavi. Anasema umechoka, ukapumzike Tirur."

Hamsa alitia sahihi. Alikunja futi yake ya kupimia, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kwa miguu. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi kwa sababu ameshindwa kutafuta ufunguo. Mtu aliyekulipia nauli yako ya kwanza ya ndege, Alavi, na hajawahi kuitaja, wala leo hakunituma niitaje.

Nikakupigia. Nayarudia maneno yako ili Shahina ayasikie kama nilivyoyasikia.

"Dada, biashara ni biashara."

"Na cherehani zetu?"

"Zimeandikwa mali ya kampuni."

"Kampuni ni nani?"

"Mimi."

Halafu ukaniuliza kama nimekula. Hapo ndipo nilipoacha kulia, na sijalia tena kwa ajili yako.

Tulipewa mwezi mmoja wa kutafuta kibali kingine au kuondoka. Hamsa alianza kufunga masanduku. Mimi nilivaa viatu, nikaenda ofisi za eneo huru peke yangu, bila wakala, bila koti. Alinipokea binti mmoja mwenyeji, Maitha. Akaniuliza nani atamiliki kampuni. Nikamwambia ni mimi. "Na mumeo?" Nikasema huyo nitamwajiri. Akacheka mpaka akafunika mdomo kwa shela. "Basi mwambie akitaka likizo aje kuniona mimi kwanza, wewe unaonekana mkali." Alinionyesha yote niliyopaswa kuleta. Hakuna hata moja lililohitaji mwanamume kutoka Leicester.

Leseni imetoka. Kibali changu ni cha mwenye kampuni, cha Hamsa kiko chini yangu. Nimekodi ghala dogo safu ya nyuma ya lako. Ukifungua dirisha la choo chako unaniona. Lalitha amekuja, na mwenzake Marites amekuja, na fundi wa vifungo atakuja mwezi ukiisha. Sikuwaita. Hoteli nayo imehamia kwangu baada ya Nizar kuwapelekea suruali ambazo wabeba mizigo walishindwa kuinama nazo.

Utajiuliza mtaji nimeupata wapi. Nimeuza kiwanja changu cha Tirur, kile cha mbele ya jumba lako jipya, ulichokwisha kukichorea barabara ya kuingilia magari bila kuniuliza. Kimenunuliwa na Bapputty muuza mbao. Anaweka msumeno mkubwa na ukuta. Utapita nyuma, kwenye njia ya ng'ombe, kama sisi tulivyopita utotoni. Nilijua ninachokufanyia na nilifurahi.

Mama nimemweleza kila kitu. Najua ulitaka afichwe. Aliuliza kama Hamsa anapata usingizi. Ijumaa akanipigia mwenyewe, akasema nikuandikie hivi: harudishi mguu katika jumba lako. Anabaki nyumba ya zamani, paa livuje lisivuje. Kile chumba cha chini ulichomjengea, chenye choo cha kukalia, amesema mpe Nizar.

Nisalimie Shahina, ambaye simlaumu mpaka atakapomaliza kusoma. Wabusu Ruksana na Fayis, waambie shangazi yao ni yule yule. Shangazi Kunjatha anakusalimu, bado hajui. Hamsa hajakusalimu. Nilimuuliza, akaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Mungu akupe afya na umri mrefu, wa kutosha kuifikiria barua hii.

Mimi dada yako, kwa sababu hilo halifutwi ofisini,
Biyathu