Sinema Isiyotaka Mdomo Wangu

Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, Jumamosi, Agosti 2012

Sijui nitakula nini watu wakizoea haya.

Kazi yangu pale kwenye kibanda cha video ni kushika maiki na kuwatafsiria watu filamu. Leo Baluku, mwenye kibanda, ameleta vichekesho vya vikaragosi vya udongo, vile vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Hakuna anayesema neno. Mzee wa udongo anainamia ndoo, pua inadondoka majini, anaibandika matundu yakiangalia juu.

Nilijitahidi. Nikampa mzee jina, nikamtungia na matusi. Mama mmoja wa Kongo akanigeukia: "Weye, nyamaza kidogo! Tuko naangalia."

Askari aliyekuja na binti yake akadakia: "Zima hiyo maiki!"

Nikazima. Wakacheka wote: Wakongo, Wakonzo wenyeji wa hapa, askari, bibi mwenye kikapu cha nyanya, hata kitoto kilichokuwa mgongoni mwa mama yake. Mashavuni mwa yule mzee wa udongo zilionekana alama za vidole vya aliyemfinyanga. Mtu huyo hakufungua mdomo, na kazi yake kila mtu ameiona. Yangu mimi...

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pua ilipodondoka tena, na mimi nilicheka mpaka machozi. Baluku alikuwa ananitazama.

Tulipofunga akanishika bega, kwa upole kabisa. "Kesho naiweka tena. Njoo tu uangalie, ndugu yangu. Wewe sitakutoza kiingilio."