Sauda Alishika Ndoo, Mimi Nikashika Saa

Mlali,
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa dada Mwajuma,

Shikamoo. Mama hajambo na mguu wake umepona. Nimekaa jikoni, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari langu la biolojia, na nimejiapiza kwamba siinuki hapa mpaka nikuandikie yote, pamoja na lile ambalo Mama halijui. Tafadhali usimpigie simu kabla hujafika mwisho wa barua.

Unakumbuka mara ya kwanza tulipofukiza banda? Kideri kilikuwa kimemaliza kuku wa kijiji kizima. Sisi tulibakiwa na jogoo mmoja aliyepinda shingo, naye akafa. Bwana mifugo akatueleza kwamba kuku wamekwisha lakini virusi bado vimo bandani, vimekaa ukutani, kwenye mbao na kwenye vyombo vya maji, na vifaranga wapya wakiingia watavikuta. Akasema tuoshe, kisha tufukize kwa hewa ya formalini. Mama akauliza, kama ni kufukiza, udi wake wa Idi una kosa gani? Wewe ukamjibu kwamba udi utavifanya virusi vinukie tu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Tuliosha siku mbili. Tukapika uji wa muhogo, tukaupaka kwenye magazeti, tukaziba madirisha na kila ufa. Tukanyunyiza maji sakafuni, maana ulisema hewa ile haifanyi kazi vizuri pakavu. Ukaweka chembe za zambarau za pamanganeti kwenye ndoo ya bati katikati ya banda, ukavaa miwani na barakoa ya mpira, ukajifunga kamba kiunoni. Ncha ya kamba ukanipa mimi, pamoja na saa ya marehemu Baba. Kazi yangu ilikuwa kusimama nje ya mlango na kuhesabu kwa sauti. Formalini, ile dawa ya maji, ikimwagwa juu ya zile chembe, ndoo inachemka bila moto na hewa kali inapanda, kwa hiyo anayemwaga anatakiwa kutoka hapo hapo. Nikifika ishirini hujatoka, nivute.

Ulitoka hesabu yangu ikiwa imefika kumi na mbili. Tukaziba mlango kwa magunia yaliyoloa, tukaenda kukaa mbali, upande unakotoka upepo, tukala machungwa ya Kinole. Ndipo uliponiambia, "Hewa hii inafika kila mahali, fundi wangu, isipokuwa chini ya uchafu. Kinyesi kikavu ni blanketi la virusi." Tangu siku hiyo hukuniita tena kwa jina langu. Nikakuuliza na mimi nitamwaga lini, ukasema nikimaliza kidato cha nne.

Halafu ukaenda chuoni Dodoma, na Sauda akashuka kwenye basi kutoka Kisaki na mfuko wa mchele na ufuta. Mama akampa kitanda chako. Viatu vyako vya mvua vinamkaa vizuri kuliko vinavyonikaa mimi. Mama amenigombeza mara nyingi kwa kumwita Sauda tu, bila "dada", ananiambia, "Huyo ni mtoto wa mama yako mkubwa, ni dada yako." Nilikuwa naitikia na sibadiliki. Jioni ukipiga simu unaongea na Mama, kisha unamtaka Sauda, naye anatoka nayo hadi uani. Mimi naletewa simu ikiwa na chaji ya kuagana tu.

Mwezi uliopita kideri kilirudi, hilo unalijua. Ulipotuelekeza kwa simu, ukasema Sauda atamwaga kwa kuwa amemaliza kidato cha nne, na mimi nitashika saa. Nilikujibu, "Sawa, dada." Haikuwa sawa. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia.

Sasa lile lenyewe. Kwenye kuosha, nilipewa vichanja vya kuku kulalia. Nilisugua juu na pembeni, kote ambako mtu aliyesimama anaona. Kisha nikalala chali chini ya kichanja cha mwisho, nikaona kinyesi kimeganda kama saruji, nikaiweka brashi chini. Sikusahau, dada. Niliacha. Vifaranga sikuwafikiria hata kidogo. Niliwaza tu siku utakayosema kwamba Sauda hajui kazi.

Jumatano akamwaga. Kamba niliishika, na saa niliishika vizuri, hilo naapa. Nilihesabu kwa sauti kubwa kama ulivyonifundisha. Alitoka hesabu ikiwa imefika kumi na saba, nimeshaikaza kamba. Akavua barakoa. Akaniambia miwani iliingia ukungu asiuone mlango, akaifuata sauti yangu. Akanishika bega kwa mkono uliolowa jasho, nami nikajifanya nahangaika na magunia.

Jioni ile ulipiga simu. Sauda alikuwa ameweka sauti ya nje ili Mama asikie, nikakusikia unacheka na kumwambia, "Hongera, fundi wangu."

Jina langu hilo.

Nilidhani nitafurahi zaidi kwa nilichofanya. Badala yake, kila nikifumba macho niliona ule mkono wake begani. Ijumaa asubuhi, nikiwa tayari nimevaa sare za shule, nilimfuata kisimani nikamwambia. Hakupiga kelele. Alikwenda bandani, ambako tulikuwa tumeshafungua tangu Alhamisi, akalala chali pale pale nilipolala mimi, akatoka na vumbi kwenye nywele.

"Mule ndani nilikuwa kipofu," akasema. "Nikaifuata sauti yako. Kumbe nafuata sauti ya mtu anayenitakia mabaya."

Akachukua ndoo yake, kisha akageuka. "Na unajua dada yako huwa ananiuliza nini kila jioni? Ananiuliza kama unasoma. Hataki kukuuliza wewe, anasema utadhani anakuchunga."

Jana tumeosha upya, yeye na mimi. Neno alilonipa kutwa nzima ni "sogeza" tu. Kichanja cha mwisho nimekikwangua kwa kisu, nikakisugua mpaka mbao ikaonyesha rangi yake. Mama alipouliza kwa nini tunarudia, alijibu yeye kwamba kuna ufa tuliousahau dirishani. Alinisitiri mbele yangu, na mimi nikazidi kuona aibu.

Usidhani wivu umeisha. Leo asubuhi nimeviona viatu vyako miguuni mwake, moyo ukaniuma vile vile. Ila zamani nilidhani saa ni kazi ya mtoto, kwamba mliniweka nje ya mlango kwa kuwa ndani nitaharibu. Sasa najua uliponipa ile kamba ulinipa nini.

Dawa ya kufukiza mara moja imebaki. Vifaranga wanakuja Jumamosi, na banda linahitaji siku za kupunga hewa, kwa hiyo lazima tufukize Jumatano. Lakini dada Sauda amesema haingii mule mpaka wewe mwenyewe useme nani atasimama mlangoni. Simlaumu. Mama Chausiku, jirani yetu, anakuja Dodoma kesho na anarudi Jumanne, barua hii atakukabidhi mkononi. Mpe jibu arudi nalo, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni mkali.

Ukiniambia saa nimpe Mama, nitampa. Jina la fundi sikuombi, mwachie dada Sauda, amelifanyia kazi. Soma kwa bidii, nami huku nasoma. Nakuuliza moja tu: bado unaweza kuingia ndani ya banda lile, huoni mbele, na mlangoni nimesimama mimi?

Mdogo wako