Bwana Shamba Aliyehesabu Maharage

Mdogo wangu Naomi,

Kuna jambo nimekuficha tangu ujana wetu, nalo linamhusu yule bwana shamba uliyemgeuza ngedere kule Lukozi. Nitalisema kabla barua hii haijaisha. Nimelitaja mapema ili nisipate njia ya kurudi nyuma, maana siku hizi nikiandika ukurasa mmoja inanibidi nilale kwanza, na mganga wa zahanati amenieleza waziwazi kwamba moyo wangu umechoka.

U hali gani? Miguu je, na baridi hii ya Julai? Shemeji bado anabishana na redio? Mimi huku Songea nakula kidogo na kucheka sana. Usihuzunike kwa habari ya moyo. Nimempita baba yetu kwa umri, na meno ya mbele bado ninayo.

Kicheko kimeletwa na wageni. Chuo cha ualimu kimeleta vijana wanne kijijini kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Asubuhi wako darasani, jioni wanalima nasi shamba la kijiji, na alama wanazopata hapa zinaingia katika cheti chao. Mmoja wao, binti aitwaye Agnesi, alikuja barazani kwangu amekata tamaa. Watoto wa darasa la pili walikuwa hawaelewi hesabu za kutoa. Nikampa bakuli la maharage, nikamweleza habari ya ngedere. Kesho yake nililisikia darasa zima likicheka, na saa ya mapumziko Agnesi akaja mbio, mikono imejaa chaki.

"Babu, mkufunzi amefurahi mno. Nani alikufundisha hivi?"

Nikajitia kukohoa.

Juma lilelile ikafika barua yako. Unasema kijiji kimekuchagua ufundishe darasa la kisomo, akina mama ishirini na wazee wachache, nawe umekataa. Umeandika, "Mwalimu katika nyumba yetu ni mmoja tu, kaka. Mimi ni mkulima wa maharage." Nimeyasoma maneno hayo mara tatu. Ndiyo yaliyonitoa kitandani nikatafute kalamu.

Turudi Lukozi. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nimepelekwa pale kwa mazoezi, na mtahini angeweza kutokea siku yoyote. Asiyekutwa akifundisha alirudia mwaka mzima. Kwa wiki mbili niliwapigia watoto kelele za kutoa, kumi toa tatu, nao wakanitazama kama ng'ombe wanaotazama mvua. Kelele zile pamoja na ukungu vikanikausha koo. Asubuhi ile niliamka sina sauti kabisa.

Ulikuwa unapita kwenda sokoni na kikapu chako, ukaniletea uji wa tangawizi. Ukanikuta nahangaika mbele ya darasa, nafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Ukanicheka kwanza. Kisha ukasema, "Kaka, keti, utapasua koo bure," ukamwaga maharage mezani, ukawaita watoto waje karibu.

Ndipo akaingia yule bwana. Viatu vyake vilikuwa na tope, kwa sababu alianza kwa kuikagua bustani ya shule na kuulizia kabichi. Uliniuliza kwa kunong'ona kama ni bwana shamba. Nikaitikia kwa kichwa. Naye akaketi nyuma, daftari magotini, wewe ukaendelea bila hofu, maana bwana shamba angekufanya nini? Maharage yako yalikuwa safi.

Ulimtazama kidogo, ukamwita mbele.

"Bwana, leo wewe ni ngedere. Hapa pana maharage kumi. Iba matatu."

Akaiba. Watoto wakahesabu yaliyobaki kwa sauti moja. Akaiba tena mawili, safari hii bila kuambiwa, na mtoto mmoja akamshika mkono akimwambia ayarudishe. Mzee wa watu alicheka hadi akavua miwani. Darasa lililokuwa bubu wiki mbili lilijua kutoa kabla uji wangu haujapoa. Ukakusanya maharage, ukaniambia nimalizie uji, ukaenda zako sokoni.

Miaka yote umekuwa ukiwasimulia watu kisa cha bwana shamba aliyekuwa ngedere, na kila nilipokuja likizo nilicheka pamoja nao. Nilicheka kwa dhati, Naomi. Sijapata kuona somo zuri kama lile, nami nimefundisha mpaka nywele zikaisha.

Mpe shemeji salamu, mwambie redio haimsikii. Msalimie Tito, mwanao fundi seremala. Kiti alichonitengenezea ndicho ninachokalia sasa. Kwa shangazi yetu wa Mlalo peleka shikamoo yangu, umpelekee mwenyewe, usimtume mtu. Na wale akina mama wa kisomo uwaambie wafike Jumatatu, kila mmoja na maharage yake.

Sasa lile jambo. Yule hakuwa bwana shamba. Alikuwa mtahini. Ulipokwisha kuondoka alisimama, akauliza somo lile limetungwa na nani. Sauti sikuwa nayo, lakini mkono nilikuwa nao, nikauweka kifuani pangu. Cheti changu cha ualimu nilipewa kwa somo lako.

Kaka yako,
Zakaria