Boma la Naserian

Jumamosi, Kitengela

Sihisi kitu. Hata chai nimeinywa bila kuonja ladha.

Binti yangu Naserian amekosa nafasi kwenye timu ya chesi ya kaunti leo huko Kajiado, na ni mdomo wangu. Nilijisifu kwa mama mmoja niliyeketi naye tukitazama mechi: "Huyu wangu hakariri kama wengine. Kila mchezo anajenga boma lile lile, askari mbele kama ua, mfalme ndani. Anaacha tu kushoto wazi kidogo."

Kumbe binti yake ndiye wa mwisho kucheza na Naserian. Mama akamnong'oneza, binti akaingilia kushoto.

Nimemwambia Naserian ukweli. Hakukasirika.

"Yeyo, mama yangu, mimi ndiye niliyechelewa kuziba. Lakini kesho kanisani, tafadhali, usiongee juu yangu."

Nimekubali. Sasa sijui nitaongea nini.