Mashine Ndogo ya Lembeni

Baba Beatha,

Makande yako jikoni, yapashe moto. Kuku wafungie mapema.

Bado ~~nimekasirika~~ sijui hata nianzie wapi. Asubuhi ulisema siwezi kuchagua mashine ya kukereza mbao. Basi nikapanda gari hadi Lembeni kwa fundi Muhidin, kuiona ile ndogo anayoiuza. Nilibeba mchi wa mama yako uliovunjika, ule uliotaka kuufanya kuni.

Muhidin akaufunga kwenye mashine, akawasha. Mashine haikutikisika. Akanipa patasi, akasema nisikandamize. Ule weusi wa nje ukatoka kama utepe, na ndani, Baba Beatha, mti mwekundu, unanukia kama umekatwa leo!

Anasema anayeanza atafute mashine iliyotulia, inayoweza kupunguzwa mwendo, abakize na hela ya patasi. Ile kubwa ya dukani unayoitaka wewe ~~sahau~~ isubiri kwanza tujue kazi.

Nawahi kwaya. Hicho kibakuli cha chumvi hapo mezani nimekikereza mimi, kwa mkono wangu. Ndio ule mchi wa mama. Kinuse. Halafu kama bado unataka kununa, nuna.

Mama Beatha